Sakafu Inayoanzia Shingoni

Jumatatu, 3 Juni

Wifi kapiga simu. Kasalimu haraka haraka, kama mtu anayevua viatu mlangoni ili awahi ndani. Mama anaendelea vizuri. Nyonga imetulia. Anatembea na fimbo mpaka sebuleni na kurudi. Halafu akaingia kwenye kilichompigisha simu: Mama harudi kwangu. Bafu langu si bafu, ni mtego. Kaanguka mara moja, Mungu kamnusuru. Mara ya pili huenda Mungu akawa na shughuli nyingine.

Sikubisha. Ningebisha nini? Sakafu ile naijua. Saruji ya zamani, imekunywa maji mpaka imeota ukijani, na maji yenyewe badala ya kwenda kwenye tundu yanakuja mlangoni kupokea wageni. Mama mkwe wangu aliteleza pale pale mlangoni. Mimi ndiye niliyemwinua.

Nikasema tu: na nikilitengeneza je?

Akacheka. Si kwa ubaya — wifi hucheka hivyo hata misibani. Akanipa mpaka Jumapili ya tarehe 23. Bafu likiwa bafu, Mama atakuja kulijaribu. Lisipokuwa, anatuma gari lije kuchukua kitanda na sanduku lake, yaishe.

Mara Mama kanyakua simu. Ananong'ona kama mtoro — ndani ya nyumba ya bintiye! Wamemwekea msichana wa kumwogesha. Anamsugua kama sufuria iliyoungulia. "Nimeogesha watoto sita na mama yangu mzazi. Mimi nitaogeshwa siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari. Kabla ya hapo naoga mwenyewe. Umesikia?"

Nimesikia, Mama.

Simu ikakatwa. Mume yuko safarini na lori lake. Nimeshona sketi nzima leo na hakuna hata mmoja aliyeniambia mshono umepinda. Haya si maisha.


Jumanne, 4 Juni

Mtaa huu una fundi vigae mmoja. Jina lake halisi nadhani hata mkewe kalisahau. Tunamwita Fundi Milimita, kwa sababu ukimwonyesha kosa anasema milimita haijawahi kuua mtu. Yuko nyumba ya pili, anapiga vigae kwa jirani. Nikaenda kumwomba. Kasema mwezi ujao, inshallah. "Inshallah" yake ndefu. Niliposikia urefu wake nikajua Mungu hajahusishwa kabisa.

Basi. Nitapiga mwenyewe.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nikaiangalia. Bado ipo.

Kwani cherehani nilifundishwa na nani? Nilisimama dirishani kwa fundi nguo mmoja nikijifanya nasubiri mtu. Mtu huyo hakuwahi kuja, maana hakuwepo. Nikaondoka nimeshajua kukata suruali. Kila nilicho nacho kichwani nimekiiba kwa macho, na hakuna kituo cha polisi kinachopokea kesi hiyo.


Alhamisi, 6 Juni

Nimehamishia kazi barazani kwa jirani. Nimemwambia kwangu hakuna mwanga. Naketi na sindano, mlango wa bafu lake uko wazi mbele yangu kama televisheni.

Niliyoyaiba mpaka sasa: anafunga uzi ukuta hadi ukuta. Gundi anaikoroga mpaka inakuwa kama dawa ya meno, anaipaka kwa mwiko wenye meno, inaacha matuta kama shamba lililolimwa na mtu mwenye adabu. Kati ya kigae na kigae anaweka visalaba vya plastiki ili mapengo yalingane. Kisha anagonga kila kigae kwa mpini wa nyundo, anasikiliza. Kikilia kigumu, kimeshika. Kikilia tupu, kuna hewa chini. Kikilia tupu Fundi Milimita anatazama kushoto, anatazama kulia, anaendelea na kingine. Hilo sikuliiba. Nimemwachia.

Leo kanigeukia. "Mama, tangu jana unashona nini hapo? Suti ya ukuta?"

Nikamwambia ni gauni la mtu mwenye mabega mapana, linataka mwanga.

Mwanga si hata kwako upo?

Nikasema wa hapa ni mzuri zaidi, una vumbi.

Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa. Lakini kanyamaza, na ndicho nilichotaka.


Jumamosi, 8 Juni

Duka la vigae. Muuzaji kafunga tai, kanipeleka moja kwa moja kwenye vinavyong'aa. "Hivi ndivyo vinavyotoka sana, mama. Ukitazama chini unajiona uso."

Nikamwambia wa kuvikanyaga ana miaka sabini na ushei, uso wake anaujua.

Nikaomba maji. Akadhani nina kiu, akaniletea chupa kwa heshima zote. Nikayamwaga kwenye kigae. Nikatoa kipande cha sabuni kwenye pochi, nikasugua povu, nikavua kiatu, nikapanda. Lo! Nilikwenda kama barua ya haraka — nikapokelewa na sinki la maonyesho, nikalikumbatia.

"Mama! Hapa si bafuni!"

Ndiyo maana nimekuja kuangukia hapa, nikamwambia.

Tukaenda safu ya nyuma. Vidogo, vya mraba, rangi ya majivu, juu vina ukwaruzo kama ulimi wa paka. Maji, sabuni, kiatu. Nikasimama kama msumari. Nikajisukuma. Nikamwomba na yeye anisukume. Akakataa, akasema wateja wanaangalia. Kweli walikuwa wanaangalia. Mmoja kaacha vinavyong'aa, akauliza hivi vya paka viko bei gani.

Nimechukua vya paka.


Jumatatu, 10 Juni

Nimevunja sakafu. Patasi na nyundo tangu asubuhi. Jirani kaja kuuliza kama kuna mtu namfukua.

Halafu zege jipya la mchanga na saruji. Hapo ndipo penye kazi, si kwenye vigae. Vigae ni nguo tu. Zege ndilo mwili. Mwili ukiwa na kibiongo, nguo haisemi uongo. Inatakiwa pande zote zishuke kidogo kwenda kwenye tundu la maji katikati. Kidogo tu: macho yasione, maji yaone.

Nina pima-maji ya kuazima. Nimeazima kwa jirani, jirani kaiazima kwa Fundi Milimita. Fundi hajui kama imesafiri hadi huku.

Lakini pima-maji inakuambia palipo sawa, na mimi sitaki sawa. Zege lilipoanza kukaza nikachukua rili tupu ya uzi, ile ya mbao. Nikailaza pembe ya mlangoni, nikaachia. Ikabiringika taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda, mpaka kwenye tundu. Pembe ya pili — sawa. Pembe ya tatu ikafika nusu, ikasimama, ikanitazama. Pana uvimbe! Nikakwangua, nikalainisha, nikarudia. Ya nne. Zote zinakwenda!

Nimecheka peke yangu na saruji usoni. Maji yatakayomwagika humu yatanitii. Sijawahi kutiiwa namna hiyo, na nina watoto wanne.


Jumatano, 12 Juni

Zege limekauka vya kutosha kukanyagwa. Nikavipanga vigae vikavu, bila gundi, nione vitakavyokaa. Nikaanzia ukutani kama Fundi. Vibaya! Tundu likaangukia tumboni mwa kigae, upande upande. Na kwa kuwa sakafu inashuka pande nne, kigae kile kikawa kinayumba kama kigoda cha mlevi. Ukikanyaga huku, kule kunainuka. Mama akikanyaga huku...

Nikahamisha. Nikaanzia mlangoni. Vibaya vilevile. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Njaa, magoti yanauma, na blauzi ya mteja iko mezani inasubiri shingo, na yeye anaitaka kesho.

Nikaenda kukata shingo ili angalau kitu kimoja leo kiishe.

Sasa, shingo hukatwaje? Unakunja kitambaa nusu, halafu nusu tena. Pande nne zinalala pamoja. Unakata ile kona moja tu, kidogo, kwa mviringo. Ukikunjua — tundu katikati, na mikunjo minne inatoka humo kama njia panda.

Nikabaki na mkasi hewani.

Vigae vinne! Kona zao nne zikutane juu ya tundu, kila kimoja king'atwe kona yake. Kila kigae kinalalia upande wake, hakuna kinachoyumba, na mikunjo ya sakafu inaangukia kwenye mapengo. Pale pale! Kama iliyopigwa pasi!

Nikakimbia bafuni na blauzi begani. Nikapanga. Nikakanyaga. Kimya. Hakuna kilichoinuka.

Gauni huanzia shingoni. Kumbe na sakafu.

(Blauzi nimeimaliza pia. Shingo imetoka vizuri mno kwa mteja yule.)


Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kuficha.

Vigae vizima haviishii ukutani sawasawa. Pembeni panataka vipande. Nikapima kila nafasi, nikakata karatasi ya kaki kama ninavyokata ya suruali, kipande kwa kipande, nikapeleka rundo lote kwa mkata vigae mwenye mashine nyuma ya duka. Kakata sawasawa na karatasi. Hana lawama, mkono wake ni mkono.

Nimefika nyumbani. Hakiingii hata kimoja! Vyote vimezidi. Na vyote vimezidi kwa kiasi kilekile — upana wa kidole.

Nikakichukua kimoja, nikakigeuza, nikakiangalia. Halafu nikakaa chini.

Nafasi ya mshono. Nimeviwekea vigae nafasi ya mshono!

Mkono huu ukishika karatasi unaongeza kidole pembeni, wala hauniulizi. Kwenye nguo unaongeza ili upate pa kushonea. Kwenye sakafu unapunguza ili upate pa kuziba. Fundi Milimita asingefanya kosa hili hata akiwa usingizini. Inabidi uwe fundi mzuri sana wa kitu kingine.

Mtu yeyote asijue.


Ijumaa, 14 Juni

Mkata vigae kajua. Ilibidi. Nilitaka kumdanganya kwamba ukuta umehama lakini uso wangu haukunisaidia.

Alicheka mpaka akazima mashine. "Mama, na pindo la chini nikuwekee? Na kifungo?" Akawaita wenzake. Nikawaacha wacheke, nikawaambia kilichozidi hupunguzwa, kilichopungua ndicho msiba. Na asiyeamini akamuulize mwenye suruali ya kubana — mmoja wao alikuwa nayo. Wakahamia kwake.

Kavipunguza vyote. Havikuharibika hata kimoja. Kosa langu ni kosa zuri. Ningekuwa mtu wa kupunguza ningekwisha.

Mchana nikaanza. Nimejishonea vikinga magoti kwa vipande vya jinzi, ndani pamba. Gundi, mwiko wa meno, matuta. Kigae cha kwanza pale shingoni. Cha pili, cha tatu, cha nne. Vikatazamana juu ya tundu kama watu wanaochungulia kisima. Nikawa narudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, nisije nikajijengea ndani nikaishi humo.

Mgongo umekufa. Mkono wa kulia umekufa. Mimi mzima kabisa.


Jumamosi, 15 Juni

Wifi kaja bila taarifa. Kanikuta nimepiga magoti, matako ndiyo yaliyompokea.

"Wifi yangu! Kumbe ni kweli! Nilidhani Mama ananitania aliposema umempigia, unapiga mwenyewe."

Karibu wifi, usikanyage.

Kasimama kizingitini na mkoba wake kifuani, anachungulia. "Wewe ni mtu wa nguo, wifi. Sakafu haina vifungo. Ukikosea hufungui."

Umekuja kukagua au kusaidia? Ndoo ile pale.

Ndoo hakuiangalia. Kasema kwake kuna vigae vimewekwa na fundi wa kweli, vinang'aa, watu wanavua viatu kwa heshima.

"Nimeviona," nikamwambia. "Vinang'aa mpaka Mama akitembea kwako anaushika ukuta kama mwizi."

Ilimwingia. Niliona. Nikasubiri jibu lake, maana wifi hakosi jibu, na ukweli nilikuwa nimeshaandaa langu la kufuatia. Lakini kasema kwa sauti ndogo: "Mimi nataka tu asianguke. Siku ile uliponipigia... Mpaka leo jina lako likitokea kwenye simu asubuhi, roho inaruka."

Jibu langu lilikuwa zuri. Nimelimeza.

Nikamwambia aniletee maji. Akaleta. Na ndoo akaishika mwenyewe, na pete zake zote.


Jumatatu, 17 Juni

Mume karudi. Nimefunga uzi mwekundu mlangoni pa bafu kama polisi, na karatasi: USIINGIE. Kasimama nje ya uzi, kofia mkononi. "Mama watoto, hii ni nini?"

Nikamwambia ni sakafu.

"Nani kapiga?"

Nikaendelea kukunja nguo.

"Nani kapiga?"

Mtu wa humu humu.

Nilimruhusu kuingia jioni gundi ilipokaza. Akavua viatu bila kuambiwa! Halafu kafanya kitu sikukitarajia. Kachukua mti wa ufagio, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja, kichwa kimeinama, anasikiliza — vilevile anavyogonga matairi ya lori kabla ya safari. Ko. Ko. Ko. Ko. Anazunguka. Ko. Ko. Mlangoni: po.

Tukatazamana.

"Hiki kina pancha," kasema.

Kweli. Kina hewa chini. Na ni cha mlangoni, pale pale alipoanguka Mama. Mume kasema kiache, kimeshika pembeni, nani atajua? Mlangoni mtu anakanyaga tu, anapita.

Nani atajua! Mficha maradhi kifo humuumbua. Kigae chenye hewa kinapasuka siku moja chini ya kisigino, na kisigino chenyewe nakijua ni cha nani. Nikaleta patasi. Niliking'oa polepole kama jino la mtoto, nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya mpaka kwenye kona. Nikagonga. Ko!

Mume alishika taa muda wote. Baadaye nimemsikia uani anaongea na dereva mwenzake kwa simu: mke wangu kapiga vigae. Ndiyo, mwenyewe. Hapana, si kwamba kasimamia — kapiga. Wewe wako anapiga nini? Kelele?

Nimejifanya sijasikia. Nimesikia mpaka nukta.


Jumatano, 19 Juni

Nimeziba mapengo. Unga wa kuzibia umekorogwa, umesukumwa kwa kipande cha raba, umefutwa kwa sponji kabla haujakaza. Ukichelewa unabaki na ukungu juu ya kila kitu. Sikuchelewa. Mistari imekaa kama mshono wa mashine mpya.

Na ukutani nimefunga bomba la chuma, skrubu ndefu, limeshika ukuta kama kupe. Mama zamani alishasema hataki ukuta unaomshika mkono kama askari. Kwa hiyo si bomba la kushikia. Ni la kuanikia taulo. Nimeanika taulo. Limekaa kwa bahati tu pale mkono unapofika.

Jioni Fundi Milimita kaja kutafuta pima-maji yake. "Kumbe iko huku!" Nikaomba radhi, nikamkaribisha aichukue mwenyewe — iko bafuni. Ningeweza kumletea. Sikumletea.

Kaingia. Kachuchumaa. Kawasha tochi ya simu, kailaza sakafuni aone kama kuna kigae kilichoinua kichwa. Hakuna.

"Nani kakupigia?"

Nikamwambia mwanafunzi wako.

"Mimi sina mwanafunzi."

"Yule wa barazani kwa jirani. Mwenye gauni la mabega mapana."

Ilimchukua muda. Halafu: "Ile suti!" Kapiga paja, kacheka, kakasirika, kacheka tena. Mwishoni sikujua alichobaki nacho, nadhani na yeye hakujua. Akaweka kidole kwenye tundu. "Hii ya hapa katikati sikukufundisha. Umeitoa wapi?"

"Shingo ya blauzi."

Akaguna. Nilipogeuka kumletea maji ya kunywa, nikamwona kwenye kioo cha dirisha: katoa penseli sikioni, anachora vigae vinne na tundu nyuma ya pakiti ya sigara. Ananiibia!

Nimechelewa kurudi na maji makusudi. Amalize kuchora. Mwizi hamkamati mwizi.


Ijumaa, 21 Juni

Nimemwaga ndoo nzima kwa mkupuo. Maji yakatawanyika, yakafikiri, yakageuka, yakaenda katikati yote. Mlangoni hata tone!

Kisha sabuni. Povu kila mahali. Nimesimama, nimetembea, nimeruka. Nimeruka! Umri huu!

Mteja kaja kujaribu suruali. Nimemwambia kioo kiko bafuni. Bafuni hakuna kioo. Lakini keshaingia, keshaona, keshauliza.


Jumapili, 23 Juni

Naandika nikiwa koridoni, daftari juu ya goti. Wifi ameketi pembeni yangu, anadhani naandika vipimo vya mteja. Nitaandika haraka.

Walifika baada ya chakula cha mchana. Mama kashuka kwenye gari mwenyewe, fimbo mbele, kakonda kidogo, macho yaleyale. Hakunisalimu kwanza. Kaangalia sketi niliyovaa. "Pindo limeshuka kushoto." Nilitaka kulia. Nikamwambia shikamoo Mama, kaitikia huku bado anaangalia pindo.

Wifi kasema begi libaki garini. Tusijisumbue kulishusha mpaka tuone. Kasema kwa upole, lakini kasema. Gari liko mlangoni, kioo kimeteremshwa, begi limekaa kiti cha nyuma kama abiria. Mume kajipa kazi ya kuangalia injini. Injini haina ugonjwa. Mwanaume akiwa kati ya mama, dada na mke, hupenda sana injini.

Mama kasimama kizingitini. Muda mrefu. Nikawa naona kila kitu kwa macho yake, na kila kitu kikaanza kupinda.

"Mstari ule wa ukutani umepinda."

Ukuta ndio umepinda, Mama. Mstari umenyooka.

"Nyumba ya mwanangu haijapinda." Lakini katoa kandambili moja. Kaweka unyayo chini, wazi, kausugua mbele na nyuma. Kama anavyopima kitambaa kwa vidole — ila kwa mguu. Kasugua tena.

"Hii rangi ni ya brashi ya viatu."

Ndiyo, Mama.

"Kile chuma?"

Cha taulo, Mama.

Kanitazama. Mama si mtoto. Lakini kasema: "Taulo langu ni zito. Kitalishika?" Nikasema kitalishika hata likilowa. Kaitikia kwa kichwa.

Wifi akavua viatu amfuate ndani. Mama kamzuia kwa fimbo, hivi, kifuani. "Wewe unakwenda wapi?" Kumsaidia. "Nilikuita?" Halafu kampa ile fimbo aishike. Kampa fimbo! Kafunga mlango. Tumesikia komeo. Kaweka na komeo!

Wifi kanigeukia. Kasema kwa nini hukutoa komeo? Nikamwambia bafu lisilo na komeo ni kituo cha basi. Hakucheka. Nami sikucheka sana.

Basi tumekaa. Viti viwili, ukuta, mlango. Fimbo iko mapajani mwa wifi, kaishika kwa mikono yote miwili. Maji yanaingia kwenye ndoo. Yamefungwa. Kata ya kwanza — chwaa! Wifi kanishika mkono. Ya pili. Naandika kwa mkono mmoja. Nasikia maji yakienda zake, chini, katikati, hayaji huku. Naangalia chini ya mlango. Pakavu. Pakavu! Nimemwonyesha wifi kwa kidole. Kaona. Hajauachia mkono.

Sasa kimya.

Kimya bado. Wifi kasimama. Nimemvuta kaketi. Mimi nimesimama. Yeye kanivuta.

Kuna sauti — ngozi na sponji. Anajisugua. Taratibu, hana haraka na mtu. Anaguna kama anavyoguna akinywa chai nzuri.

"Nyie wawili mnaohema hapo nje!"

Abee, Mama. Tumeitika pamoja, kama watoto.

Kasema aletewe sabuni yake. Si hii ya humu, hii inanukia duka. Yake mwenyewe, na mafuta yake, na lile gauni la kulalia. Vyote viko kwenye begi.

Wifi kamjibu kwamba begi liko garini, Mama. Tulisema libaki—

"Nimeuliza liko wapi?"

Wifi kaniangalia. Mimi nimeangalia daftari. Nje mume kafunga boneti. Wifi kaisimamisha fimbo ukutani, kaokota viatu vyake, kavishika tu, hajavivaa. Kaenda mpaka mlango wa mbele na miguu mitupu. Namwona kutoka hapa. Kafungua mlango wa nyuma wa gari. Kashika mpini wa begi kwa mikono miwili, na kalishusha. Naacha kuandika, nikampokee.